Taa ya zamani iko nzuri, lakini itundikwe juu ya meza

Wenzetu wachimbaji, na ninyi mama na watoto munaobakia ku nyumba, leo tunaongea juu ya taa. Si ile ya kofia, munaijua kuliko sisi. Tunaongea juu ya taa za kutundika za zamani: lustri za mikono sita ao munane, na zile taa za waya moja zinazoning'inia toka juu na abajuri yake, zilizotoka mu nyumba za Wabelgiji, mu maofisi ya njia ya reli, mu misioni na mu maatelie.

Zamani ndugu zetu wanaotumika Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi waliporudi Kabongo kusalimia jamaa, waliteremuka ku gare na kinga mpya, ao na mashini ya kushona ya mama. Siku hizi kuna wenye kuteremuka na lustri iliyofungwa mu blanketi, wanaibeba sawa mutoto muchanga. Wakifika ku nyumba wanaita fundi, lustri inapanda mu saloni, majirani wanakuja kutazama na kupiga mikono. Kisha usiku unaingia. Njo hapo tunaona mama anawasha tochi ya telefone ili akoroge bukari, na mutoto wa sekondari anangojea tochi ileile amalize kazi ya masomo. Lustri iko pale juu, na mikono yake munane, kimya.

Mawazo yetu tunayasema tangu mwanzo, bila kuzungusha. Kununua taa ya zamani si upumbavu. Mara nyingi ni akili kuliko kununua ya mpya. Upumbavu ni kuinunua kwa ajili ya wageni. Taa inafaa ichaguliwe kwa kazi inayofanywa chini yake, na kwa umeme ule munao kweli, si ule munaoota.

Kwanza tuitetee hiyo taa ya zamani, maana kuna watu wanaoicheka. Nyingi ya zile mpya za rahisi zinazouzishwa ku soko ni bati nyembamba iliyopakwa rangi ya zahabu, na "kristali" yake ni plastiki. Ikivunjika mukono mumoja, hakuna wa kuitengeneza, unaitupa. Ya zamani ilitengenezwa kwa vipande: kila mukono unafunguka na visi, kila duyi linatoka, kila kioo kinatundikwa na kadoano kake. Fundi mwenye tournevis na uvumilivu anaweza kuifungua yote juu ya mukeka na kuirudisha. Na mwili wake mara nyingi ni shaba ya manjano, ile yenye kuchanganya shaba nyekundu na zinki.

Shaba tunaijua sisi, haiko maneno ya kufundishwa. Kiwanda cha Lubumbashi kiliyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka 1911, na kwa miaka mingi shaba ya Katanga ilikwenda kusafishwa Ubelgiji. Kipushi ilitoa shaba na zinki mu shimo moja. Kwa hiyo si ajabu kama lustri fulani iliyofika huku mu kashi ya mbao, na jina la duka la Bruxelles juu yake, ilikuwa inarudi kwao. Na mbele ya Wabelgiji vilevile: ku Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, mu jimbo letu hili, wenye kuchimbua makaburi ya zamani mwaka 1957 na 1958 walikuta wankambo waliozikwa na vitu vya shaba, na misalaba midogo ya shaba ndani yake. Mutu alikwenda na shaba yake mpaka chini. Leo mutu anaiuzisha kwa kilo ku wanunuzi wa mitrayi, na bei ya kilo inakwisha mu siku mbili.

Juu ya hiyo mitrayi tuseme neno. Tumeona mu muji taa za kanisa, taa za veranda za nyumba za reli, taa za darasa, zikipondwa na nyundo ili zienee mu mufuko. Mwenye kuponda anapata makuta kidogo. Mwenye kununua anapata zaidi. Na mahali taa ilipotoka panabakia tundu na waya mbili. Kama ku nyumba muko na taa ya nkambo, hata imekuwa nyeusi, hata vioo viwili vimepotea, musiipeleke ku balansi. Ipigwe kwanza na ndimu na chumvi, isuguliwe na kitambaa, muone inatoka namna gani. Kisha ioshwe na maji safi na ikaushwe vizuri, maana asidi ikibakia inaila shaba na kuleta ile kutu ya kijani.

Na mukiwa munanunua kwa mutu, ulizeni inatoka wapi. Musione haya. Taa ya atelie ao ya ofisi inaweza kuwa na namba ao herufi za kampuni zilizopigwa ku chuma. Mwenye kuuzisha asipokuwa na karatasi ya kuonyesha aliipata namna gani, muache. Muchimbaji anayepoteza kazi juu ya taa ya wizi hataangaziwa na hiyo taa. Lakini kuna njia safi. Watu wengi wa kazi na wazee wa reli waliobakia na nyumba bado wako na taa mu magazini, na wako tayari kuziachilia. Mujane wa mutu wa reli, mu muji kama Kamina, anaweza kuwa na tatu chini ya kitanda. Mulipeni vizuri, si bei ya mitrayi.

Namna ya kuijua ya kweli ni nyepesi. Beba sumaku, hata ile ndogo ya kipaza-sauti kilichokufa. Ikishika ku mwili wa taa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Isiposhika, kwaruza kidogo mahali pasipoonekana, ndani ya kikombe cha juu kinachofunika plafo. Shaba ya manjano iko manjano mpaka ndani. Ukiona nyeupe ao kijivu, ni kitu kingine kilichopakwa juu. Kioo nacho kigusishe ku shavu: kioo iko baridi, plastiki haiko baridi. Gonga na ukucha, kioo kinalia. Pinda polepole mikono: mukono unaocheza ku kiungo unaweza kukazwa, lakini mukono uliopasuka ku shingo umechoka, na utaanguka siku moja mu sahani ya mutu.

Sasa tuingie mu maneno yenye uzito, njo umeme.

Tuko mu inchi yenye maji makubwa. Mwadingusha, ku Lufira, inatoa umeme tangu 1930. Nzilo na Nseke, ku Lualaba, zilijengwa mu miaka ya 1950. Toka 1982 kuna ile njia ndefu ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometre 1.700 hivi. Zote zilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi na viwanda. Ile njia ya Inga inapita juu ya vijiji vingi ambavyo haviko na ampuli moja, na si kwa ubaya wa mafundi tu: umeme wake unakwenda mu namna ya courant continu ya nguvu nyingi sana, na hauwezi kuchotwa mu njia bila kujenga kituo kikubwa cha kuugeuza. Wachimbaji wengi wanajua nguzo zake. Wanatumika pahali umeme unapofika, wanarudi kulala pahali usipofika. Sisi wa Kabongo, wengi wetu tunawasha na pano ya jua na batri, ao grupu, ao tochi. Hata treni, kutoka Lubumbashi kuja Kamina njia iliwekewa waya za umeme, lakini kuja Kabongo inavutwa na mazutu.

Kwa hiyo mutu anayenunua lustri ya mikono munane afanye hesabu hii mbele ya kutoa feza. Lustri hiyo ilitengenezwa kwa ampuli za zamani, tuseme za wati 40. Munane mara 40 ni wati 320. Batri ya volti 12 na ampere-heure 100, yenye asidi, ikijaa iko na wati-heure 1.200, lakini batri ya namna hii haipendi kunyonywa kupita nusu, ikifanyiwa vile kila siku inakufa upesi. Inabakia 600. Gawanya 600 kwa 320: haifiki saa mbili. Na onduleri, kile chombo kinachogeuza volti 12 kuwa 220, nacho kinakula sehemu yake. Mutu anaonyesha wageni lustri saa moja na nusu, kisha nyumba yote inalala mu giza, na telefone haina chaji asubuhi.

Weka mu lustri hiyohiyo ampuli za LED za wati 5. Munane mara 5 ni 40. Batri ileile inakwenda zaidi ya saa kumi. Hiyo iko bora, tunakubali. Lakini sasa chukua taa moja ya kutundika, ampuli moja ya LED ya wati 7, yenye mwangaza wa karibu na ile ya zamani ya wati 50. Gawanya 600 kwa 7: ni saa zaidi ya 80. Ukiwasha saa nne kila usiku, unafika karibu wiki tatu hata kama jua halikutoka hata siku moja, na jua letu halikosi hivyo, hata mu mwezi wa mvua.

Kuna hesabu ingine ambayo mafundi wengi hawaisemi. Mwangaza unapungua na umbali, na unapungua kwa ukali. Taa iliyo metre 2,40 juu ya daftari, ukiishusha mpaka sentimetre 80, umeikaribisha mara tatu. Mwangaza ku karatasi haukuwi mara tatu. Unakuwa mara tisa. Ampuli ileile, batri ileile, franka ileile. Njo sababu wafanyakazi wa saa na washonaji, tangu zamani, walitundika taa chini karibu na mikono yao. Lustri inayokaa ku plafo inaangaza plafo, inaangaza malata, inaangaza vichwa vya wageni. Mutoto anayeandika anapata makombo.

Tunajua mutajibu nini. Tumesikia mume mumoja akisema: "Nimetoka mu shimo, nilikuwa mu giza muchana yote. Nikirudi ku nyumba nataka kuona kitu kinang'aa." Hilo neno hatulichezi. Mutu anayeshuka chini ya udongo ao anayechimba mu vumbi ana haki ya kitu kizuri ku nyumba yake, na kuwaambia maskini wanunue vitu vibaya tu, eti ndiyo akili, ni zarau. Lakini muke wake alijibu, na jibu lake tunalipenda: "Papa, na mimi niko mu giza ku jiko. Ya kwangu inang'aa wapi?"

Jibu letu ni kwamba uzuri haukukatazwa kushuka. Taa ya zamani ya shaba yenye waya moja, na abajuri ya kioo cheupe cha maziwa, ikitundikwa chini juu ya meza ya kulia, iko nzuri kuliko lustri mu plafo, na kila mutu anaiona kwa sababu iko mbele ya macho. Chini yake mutoto anasoma, mama anachagua sombe na mchele, baba anahesabu mushahara, jamaa inakula. Wageni wakija wanaketi kwa meza ileile. Kama meza inahama, tieni waya mrefu kidogo na kadoano ya pili ku plafo, taa inahama nayo.

Na kama mutatuuliza ni taa gani ya zamani tungechagua sisi wenyewe, hatutataja lustri. Tungechukua ile abajuri ya bati yenye emaye, nyeusi ao kijani inje, nyeupe ndani, ile iliyokuwa mu maatelie na mu magazini. Watu wanaiona mbaya, kwa hiyo bei yake iko chini. Ile rangi nyeupe ya ndani inasukuma mwangaza wote chini, hakuna unaopotea juu. Inaoshwa na sabuni ya kawaida, haivunjiki, haikusanyi vumbi mu vioo mia. Mukioshe kiangazi kila wiki, maana vumbi letu jekundu likilala ku ampuli na ku abajuri linakula mwangaza bila kelele. Emaye ikibanduka mahali padogo, pakeni rangi kidogo ili kutu isiendelee. Ya namna hii inafaa sana ku jiko. Na jiko la makala ao la kuni lichome inje ya mustari wa taa, moshi usipande ndani yake.

Mwenye saloni kubwa na plafo ya juu, na umeme wa kila siku, anaweza kuweka lustri, hatumukatazi. Ku Mascat, mu musikiti mukubwa wa Sultani Qaboos, kuna lustri ya urefu wa metre 14 na uzito wa tani munane na nusu. Iko mahali pake: juu yake kuna paa la kuifaa. Mu nyumba ya metre 2,60 toka chini mpaka plafo, lustri ya metre moja itagonga kila mukwe murefu anayeingia. Pahali watu wanapopita, chini ya taa pabakie zaidi ya metre mbili. Juu ya meza, hakuna anayepita, inaweza kushuka mpaka sentimetre 75 ao 80 toka ubao.

Waya sasa, na hapa hatucheki. Taa ya zamani haifai kuwashwa siku inaponunuliwa. Ndani yake mara nyingi kuna waya wa mpira uliofunikwa na uzi wa pamba. Kwa inje inaonekana muzuri, hata ya kupendeza. Kwa ndani mpira umekauka, ukiupinda unapasuka sawa mukate mukavu, na shaba inabakia uchi inagusa mwili wa taa. Mwili ni shaba. Mama anapanguza vumbi na kitambaa chenye maji, ku volti 220. Munaelewa.

Kwa hiyo waya wote wa ndani utoke, bila huruma, hata ule unaoonekana mupya. Fundi afunge uzi mwembamba wa nguvu ku ncha ya waya wa zamani, auvute utokee upande wa pili. Kisha kwa uzi uleule avute waya mupya kupita mu mukono wa taa. Waya wa milimetre 0,75 unatosha ndani ya taa. Toka ukutani mpaka taa muweke 1,5. Duyi la zamani la porselene lisilopasuka libakie, ni zuri kuliko la plastiki. La bakelite lililogeuka rangi na kunuka kuungua litupwe. Muangalie kama maduyi ni ya kukaza ao ya bayoneti, makubwa ao yale membamba ya mikono ya lustri, mbele ya kununua ampuli, maana tumeona watu wakirudi ku kenkayeri mara tatu.

Ku umeme wa 220, mambo matatu musikubali fundi ayaruke. Waya wa fazi uende ku kile kipande cha katikati, chini kabisa mu duyi, si ku visi ya pembeni ambayo kidole kinagusa mukibadilisha ampuli. Swichi ikate fazi, si netri. Fundi muvivu anakata netri, taa inazimika lakini umeme bado uko ndani. Na mwili wa shaba ufungwe ku waya wa udongo, ule wa manjano na kijani, unaokwenda mpaka chuma kilichopigwa mu ardhi yenye unyevu. Fundi akisema "haina maana, nyumba zote haziko nayo", mulipeni njia yake arudi kwake.

Wenye volti 12 wasifikiri wako salama kabisa. Volti 12 haitakupiga, kweli, lakini batri inaweza kuchoma nyumba. Waya mbili zikigusana, batri inatoa nguvu yake yote mara moja, waya unakuwa mwekundu, na plafo ya triplekisi ao ya mikeka inashika moto. Fuzi iwekwe karibu na batri, ku waya wa plus, si karibu na taa. Na kwa sababu volti iko chini, ampere zinapanda: wati 40 ku volti 220 ni chini ya robo ya ampere moja, lakini ku volti 12 ni zaidi ya ampere tatu. Basi toka batri mpaka plafo muweke waya munene, milimetre 2,5 kama njia ni ndefu. Mu mikono ya taa waya mwembamba unaweza kubakia, maana kila mukono unabeba sehemu yake tu. Ampuli za LED za volti 12 zenye visi ya kawaida zinapatikana. Mukizitumia, pakeni alama nyekundu ku duyi. Siku umeme wa 220 utafika, mutu asije akaunganisha taa hiyo bila kufikiri: ampuli itapasuka juu ya vichwa vya watoto.

Kutundika ni kazi ya dakika kumi ikifanywa vizuri. Plafo haibebi kitu. Wala chevroni moja ya malata haibebi lustri ya kilo 15, hasa mu nyumba ambayo muchwa wamekwisha kupita. Pandeni juu, gongeni mbao na kisu. Kisu kikiingia sawa mu muhogo, mbao hiyo imekufa. Muweke mbao ngumu ya kulalia juu ya chevroni mbili ao tatu, na bolti inayopita yote na rondeli pana, si musumari. Kisha, mbele ya taa, tundikeni mufuko wa unga wa kilo 25 usiku kucha. Kama asubuhi unga uko pale, taa itakaa. Kwa lustri nzito ya kristali, mifuko miwili. Na taa ibebwe na mnyororo ao bomba lake. Waya wa umeme usibebe uzito hata kidogo.

Kuna wenye kutafuta zile taa za presha za zamani, za petroli na soksi nyeupe, ili wazitundike kama pambo. Nzuri, shaba yake ni safi. Lakini ile soksi ya zamani, nyingi zilitiwa thorium, kitu chenye miale. Sisi watu wa inchi ya Shinkolobwe tunajua miale si hadisi. Musiipondeponde, musiachie mutoto apulize vumbi lake. Vaeni kitambaa mudomoni, lowesheni soksi na maji, itieni mu mufuko wa plastiki, na kikombe cha taa kioshwe. Kisha mu kichwa chake muweke duyi dogo na LED. Petroli nayo itoke yote. Taa iliyokaa na petroli ndani haitundikwi juu ya meza.

Wapangaji waliko Kolwezi na Fungurume, wanaohama kila mwaka, wanatuuliza kama hii yote iko na faida kwao. Iko na faida kuliko kwa mwenye nyumba. Taa ya waya moja inafunguliwa na tournevis, inalala mu kashi ya nguo, inapanda ku nyumba ingine siku ileile. Lustri ikihamishwa mara mbili, imebakia na mikono mitano. Muandike tu mu mapatano na mwenye nyumba, hata ku kipande cha daftari, kwamba taa ni yenu na kwamba mutarudisha duyi yake ya zamani pale mulipoitoa. Ugomvi wa taa kati ya mupangaji na mwenye nyumba unakuja siku ya kutoka, muda wa kuongea umekwisha kupita.

Wenye kuwa na lustri tayari, iliyopanda, isiyoshuka, nao tusiwaache. Toeni ampuli sita, achieni mbili, zinazotazamana ili uzito na mwangaza vilingane. Za wati 3 zinatosha kwa kuongea. Zile sita mugawe: moja ku jiko, moja ku mulango wa inje, moja ku choo, moja juu ya meza mu abajuri yoyote, hata ya bakuli la bati lililotobolewa katikati. Mbili muweke akiba. Kila taa na swichi yake, muzizime mukitoka mu chumba.

Na ile ya mulango wa inje itundikwe mbali kidogo na dirisha. Mvua za kwanza zikinyesha, jioni moja inswa watatoka mu ardhi kwa maelfu na watakwenda pahali penye mwangaza. Muzime ya meza, mufunge madirisha, muwashe ile ya inje peke yake, na chini yake muweke baso kubwa yenye maji. Watoto watajua cha kufanya.